Mwaka Nilipowafungisha Samaki

Mwanangu Nasra,

Katika miaka yote hii ya kufuga samaki, sauti iliyonikaa masikioni ni moja: pwa! Halafu kimya.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi, nawe ulikuwa na miaka tisa. Nilikwenda Kidichi mchana, na dera langu jipya, kuwatazama vifaranga wangu wa kwanza wa kambare. Nikarusha chakula kwenye tangi. Walipokuwa wageni, wale vifaranga walikuwa wakiupokea mgao wao kwa sauti kama mvua inayoanza juu ya bati, maji yote yakitetemeka. Siku ile likasikika pigo moja tu. Samaki mmoja, mnene, mwenye masharubu yaliyokwishanyooka, alipanda, akafungua kinywa, akashuka. Nikarusha tena. Pwa. Ni yule yule.

Naanzia hapo kwa sababu bibi yako ameshakwambia yote ya mswaki, shuka, dawa ya mbu na kutoazima kanga za watu, tena mara mbili. Sasa hivi umo chumbani kwake anakuambia mara ya tatu, nawasikia. Kesho unapanda boti kwenda Pemba, kwenye skuli ya dahalia, na mimi nina jambo moja tu la kukueleza. Jambo lenyewe lilianza kwenye tangi lile.

Unaujua mpango wetu, au tuseme mpango wangu. Kwamba tunakwenda sote. Kwamba nimepata chumba Wete, si mbali na skuli yako, nikae hapo japo mwaka wa kwanza, samaki niwaache kwa Bi Mwanaisha. Nilipokwambia ulisema, "Sawa, mama," ukaenda kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa. Niliiona sufuria. Nikajifanya sikuiona.

Turudi kwenye tangi. Bi Mwanaisha, unavyomjua, alikuwa upande wa pili wa ua katika shamba lake la viungo, akaja huku anajifunga kanga kiunoni.

"Bi Digrii, Idi njema. Mbona umesimama kama umeona jini?"

"Wenzake wamekwenda wapi?" nikamuuliza, nikimwonyesha yule samaki.

Akainama akatazama. "Wenzake hao hapo. Tumboni."

Nikamwambia haiwezekani, nilikuwa nikiwalisha. Akauliza saa ngapi. Nikasema magharibi. Akauliza mara ngapi kwa siku. Nikasema mara moja, si ilikuwa Ramadhani? Nikamweleza kwamba jua lilikuwa kali na mimi nimefunga, na unga wa dagaa ukishika mikono hautoki, harufu yake inakufuata mpaka kwenye mkeka wa kusalia. Kwa hivyo nilikuwa nikifika kabla ya adhana, nawamwagia chakula cha siku nzima kwa mara moja, kisha narudi mjini kufuturu.

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka kanga ikamfunguka.

"Lahaula! Bi Digrii kawafungisha samaki! Na daku je, uliwapa?"

Habari hiyo ilifika mjini kabla yangu. Nilipopita Darajani kesho yake, muuza mboga aliniuliza kama kambare wangu wanasali tarawehe.

Wewe ulicheka pia, na nilikuacha ucheke, lakini jambo moja sikukwambia. Nilikuwa nimesikia. Kila jioni ya mwezi ule mvua ya kwenye tangi ilipungua kidogo, nami nikajiambia wameshiba. Maji yalikuwa ya kijani, nisingeweza kuona chini, lakini masikio nilikuwa nayo. Nilikuwa na shahada ya mambo ya viumbe, nilikuwa nimesoma kwamba kambare mchanga hula kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, na kwamba akikosa humtazama aliye karibu naye. Niliyajua hayo kama mtu anavyoijua njia ya mji ambao hajafika. Tulipotoa maji ya tangi tukakuta vichwa vidogo vimelala kwenye saruji. Hukuvitaja kwa mtu. Ulichukua ndoo ukavikusanya, ukaenda kuvizika chini ya mdalasini wa Bi Mwanaisha, ukarudi ukaomba embe.

Mara ya pili nilikwenda upande wa pili kabisa, kama afanyavyo mtu aliyechekwa. Nilisema njaa ndiyo iliyoniulia samaki, basi njaa haitaingia tena hapa. Nikawalisha asubuhi, nikawalisha saa nne, adhuhuri, alasiri, magharibi, na katikati yake nikipita nikiwaona wanapanda juu naongeza. Ulikuwa likizo, na kazi yako ilikuwa kusaga dagaa. Ulinuka mpaka paka wa mtaa mzima wakawa wanakusindikiza dukani. Chakula kilichobaki kilishuka chini kikaoza, maji yakawa mazito kama uji, na samaki wakawa wanapanda kuvuta hewa ya juu kila baada ya muda mfupi. Mimi nikafurahi. Nikadhani wanakuja kunisalimia.

Lakini wingi ule wa chakula haukuwafanya wawe sawa. Wachache, wenye haraka, walikula wao kwanza, wakala zaidi, wakawa wakubwa, na kwa kuwa ni wakubwa wakala zaidi tena. Bi Mwanaisha aliwaita mabwana harusi. "Tazama," alisema, "anakula yeye tu, wengine wote wamekaa wanamtazama." Wadogo walijikusanya pembeni. Chakula kilikuwa kingi kupita kiasi na wao hawakukisogelea. Na mabwana harusi, pamoja na shibe yao yote, waliendelea kuwala.

Hilo ndilo lililonishinda kulifahamu, Nasra. Njaa ningeielewa. Nilikaa kwenye ukingo wa tangi siku kadhaa na daftari, nikaandika, nikafuta. Mwisho nikaona kwamba hakuna ubaya wala uroho katika jambo lile. Mkubwa anapita, mdogo anapita, kinywa cha mmoja kinatosha mwili wa mwengine. Basi. Asubuhi moja nilimwokota mmoja amekufa na mwenziwe kinywani, mkia umeingia, kichwa kimebaki nje. Alikuwa amemmeza asiyemtosha. Hakuweza kumshusha wala kumtema, wakafa wote wawili. Sikukuonyesha. Nilimfunga kwenye jani la mgomba nikamtupa mbali.

Dawa yake niliijua pia kwenye vitabu: watenganishe kwa ukubwa. Kila wiki mbili uwatoe, uwapitishe kwenye kapu lenye matundu, wadogo wapite, wakubwa wabaki, kila kundi tangi lake. Nilichelewa kwa sababu ya ujinga mmoja ambao naona haya kuuandika. Niliona wamezoeana. Walikuja pamoja kutoka bara kwenye mfuko mmoja wa plastiki, nikawaonea huruma kuwatenganisha.

Na neno lenyewe lilinikera. Bi Mwanaisha alisema, "Kwani si kuchambua tu?" Sisi tuliokulia mjini tunajua kuchambua mchele, unatoa chuya, unatupa. Yeye wa shamba anajua kuchambua karafuu, unakaa jamvini, karafuu upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, upande huu. Nikamwambia mimi sitaki samaki wangu wengine wawe makonyo.

"Nani kakwambia makonyo yanatupwa?" Alikasirika kweli. "Makonyo yanakamuliwa mafuta. Weye umesoma wapi, mwanangu? Kuchambua si kutupa. Karafuu ukiichanganya na makonyo yake, hayauziki yote mawili."

Siku ya kwanza ya kuchambua tulikuwa watatu. Bi Mwanaisha alisimama mbali kwa sababu anawaogopa kambare, anasema samaki asiye na magamba na mwenye masharubu kama baba mkwe hamshiki yeye, anamwamkia tu. Mimi nilikuwa ndani ya maji mpaka magotini. Wewe ulishika kapu. Samaki mmoja mkubwa aliruka akakupiga shavuni, ukapiga kelele, kisha ukasema, "Shikamoo!" na Bi Mwanaisha akaitikia kwa niaba yake, "Marahaba, mjukuu wangu." Tulicheka mpaka kapu likatuponyoka, kazi yote tukaianza upya.

Kisha ukaniuliza, "Huyu mkubwa tunamtoa kwa sababu ni mbaya?"

"Hapana. Kwa sababu ni mkubwa."

"Hajui kama ni mkubwa?"

Nikasema labda hajui. Ukamtazama kwenye ndoo, ukamwambia, "Pole."

Wiki mbili baadaye wale waliokuwa wakijikunja pembeni walikuwa wameenea tangi zima. Hatukubadilisha chakula. Nilikaa pale nikawatazama wanavyokatiza katikati ya maji kama watoto waliopewa ufunguo wa nyumba. Wengine walikuja kuwapita hata wale mabwana harusi. Tukawavuna, ukapika wa kwanza kwa nazi na ndimu nyingi, na bibi yako, aliyeapa kwamba hali samaki wa tope na bahari iko pale chini, alikula vipande vitatu akasema anaonja chumvi.

Hadithi ya samaki ingekuwa imeisha hapo. Lakini mwaka huu ulikuwepo ule usaili wa skuli ya dahalia.

Unakumbuka. Mimi naukumbuka zaidi kuliko unavyodhani. Tuliingia katika ofisi ile, mwalimu mwenye miwani akatazama karatasi akaita, "Nasra?"

Nikaitika, "Naam."

Mimi. Sikujua kama nimeitika. Akauliza unapenda somo gani, nikasema sayansi. Akauliza umewahi kulala nje ya nyumbani, nikasema hajawahi lakini ni mtoto mtulivu sana. Akauliza unaogopa nini, nikasema giza. Mwalimu akavua miwani, akaniangalia, akakuangalia.

"Samahani, Bi. Nasra ni nani kati yenu?"

Akaniomba, kwa adabu, nikusubiri nje. Nilikaa kwenye benchi chini ya dirisha. Sikusikia maneno. Baada ya muda nikasikia unacheka, na mwalimu naye anacheka. Mpaka leo sijui mlichekea nini, na mara nyingi nimetaka kukuuliza.

Tulipotoka tulikwenda kwa miguu mpaka Mkunazini. Ulinunua mabuyu ukanipa ya kwako nusu. Ukasema, bila ya hasira, "Mama, giza niliacha kuliogopa darasa la tatu."

"Sasa unaogopa nini?"

"Lile swali ungeniachia, ungelijua."

Kisha ukafanya mzaha, maana wewe humwachi mtu na aibu yake peke yake. Ukasema, "Ungeniachia japo moja. Yote umekula wewe." Ukalamba rangi ya mabuyu vidoleni ukaendelea na habari nyingine.

Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya ngazi. Miaka minne nilikuwa nikijiona kama mwenye kapu. Mimi ndiye ninayesimama nje ya tangi, ninayepanga nani akae wapi. Haikunijia hata siku moja kwamba nimo ndani ya maji.

Nitakueleza na la bibi yako, nalo usimuulize. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa waliniuliza kama nimeridhia kuolewa na baba yako. Nilinyamaza. Kwetu kimya cha mwari ni ridhaa, na bibi yako akasema, "Ameridhia." Ni kweli sikuwa na la kukataa. Baba yako ni mtu mwema, na simu zake za Ijumaa kutoka Maskati unazingojea kwa haki. Lakini hata la kukubali sikuwa nalo. Nilikuwa nimezoea mama anijibie tangu mdogo, nikiulizwa ninachotaka kula, rangi ya nguo, kama ninaumwa. Bibi yako alikuwa na sauti nzuri, ya haraka, na alinipenda kupita kiasi. Nilifika chuo nikiwa na ujauzito wako na nikiwa sijawahi kuagiza chai yangu mwenyewe. Siku ya kwanza kwenye mkahawa wa chuo mhudumu aliniuliza, "Na sukari?" nikageuka nyuma kumtafuta mama.

Nilicheka peke yangu siku ile, na ninacheka sasa. Nikaapa kwamba wangu sitamjibia. Na nilikuwa nikiapa kwa sauti nzuri, ya haraka.

Nataka ujue pia kwamba hata baada ya mabuyu yale sikujirekebisha. Ungedhani mtu aliyeambiwa waziwazi hivyo angekoma. Mimi nilikwenda nikatafuta chumba Wete. Nilijipa sababu nzuri: una pumu kidogo, chakula cha dahalia hukipendi, Pemba hatuna jamaa wa karibu. Kila moja ilikuwa kweli. Nilizipanga kama nilivyozipanga zile za Ramadhani, jua kali, mikono inanuka, nimefunga. Nasra, mimi nikitaka jambo huwa sikosi hoja, na hiyo ndiyo kasoro yangu kubwa. Ukiniona nina hoja nyingi sana, uliza ninaogopa nini.

Naogopa chumba chako. Ndivyo ilivyo. Naogopa kurudi kutoka Kidichi nikamkuta bibi yako na redio tu, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba kambare wa leo kameza kizibo cha chupa akakitema kwa dharau. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoanza kuwa mama, na sijui nilikuwa nani kabla yake, kwa sababu kabla yake alikuwa akinijibia mwengine. Hilo si jukumu lako. Nakwambia tu kwa sababu uliwahi kunieleza kwamba watu wakubwa hawasemi wanachoogopa, na ulisema kweli.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kidichi peke yangu kuwachambua vifaranga wapya. Bi Mwanaisha alikuwa ametandaza karafuu zake juani, akaniuliza, "Msafiri, unanitajia lini namna ya kuwalisha hawa sharubu zako? Mie nitawatupia kwa mbali, nakwambia mapema."

Nikamwambia nitamwelekeza. Nikaingia kwenye tangi la wadogo. Nikaona wamejibana kwenye pembe moja, kama walivyokuwa wale wa zamani. Nikajua kuna mkubwa aliyenipita kwenye kapu wiki mbili nyuma. Nilimtafuta kwa mikono robo saa nzima. Hakuwa mkubwa wa kutisha. Alikuwa amewazidi kidogo tu, angali mzuri, mwenye afya, na alikaa katikati ametulia, hamfukuzi mtu. Kutulia kwake kulitosha. Nilimtia kwenye ndoo nikambeba mpaka bwawa la nje, la wakubwa wenziwe. Alizama, akapotea, kisha nikamwona mbali anacheza.

Jumapili nilirudi kuwatazama wadogo. Walikuwa wametawanyika tangi lote.

Bi Mwanaisha aliniona nimekaa ukingoni, akadhani nina huzuni. "Una nini weye?"

"Sina kitu. Namtafuta mkubwa."

"Si ushamtoa?"

"Mmoja."

Hakunielewa, au alinielewa akaniachia. Alinipa karafuu mbili za kutafuna akarudi kwenye jamvi lake.

Sitaki udhani kwamba barua hii ni ya kukuambia uwe mkubwa, au uwe hodari, au umshinde mtu. Huko dahalia mtakuwa wengi, mtabanana, na wengine watakuwa na sauti za haraka. Wengine watakuwa wadogo kuliko wewe, na siku moja utamjibia mmoja wao kwa sababu unampenda na unaona anachelewa. Utafanya hivyo, ni damu yetu. Nami sina ushauri wa kukupa juu yake. Mimi mwenyewe nimechukua miaka kumi na tatu, na matangi mawili.

Lakini mambo ya ile boti ya kesho, mwanangu, nimeshayatengeneza. Jumatatu nilimpigia simu mwenye chumba cha Wete nikamwambia ampe mtu mwengine. Alishukuru, alikuwa na mwalimu anayekitafuta. Jana alasiri, ulipokuwa kwa Bi Mwanaisha kuaga, nilikwenda kwa yule mwalimu atakayewasindikiza. Alikuwa na orodha ya wasafiri mezani, majina yetu mawili kwenye mstari mmoja. Nikamwomba kalamu. Akaniuliza nani hasafiri, na nilijibu mwenyewe, kisha nikalikata jina langu.